Boti Inapanda Mlima?

Mtu wa Karagwe akianza kuandika habari za boti, watu wa Bukoba mjini na Muleba wana haki ya kucheka. Sisi tuna milima, migomba, kahawa na ng'ombe. Maji makubwa tunayaona tukisafiri. Nimekua nikiambiwa na wenzangu wa ziwani kwamba sisi wa juu tukiona beseni limejaa maji tunatafuta boya. Sawa, nimekubali. Lakini leo ndugu zangu nivumilieni, kwa sababu boti imeingia katika ukoo wetu na imeleta ugomvi.

Mhusika ni baba yangu mdogo. Alikuwa mwalimu, akastaafu, akarudi Nkwenda, Kyerwa, kwenye shamba la babu. Wastaafu wengi wakipata fedha zao hununua basi dogo au hujenga vyumba vya kupangisha. Yeye alikwenda Kemondo, akakuta boti ya mbao imepandishwa nchi kavu, tumbo wazi, nyasi zimeota ndani. Ni boti iliyofanya kazi miaka mingi, ikibeba ndizi na watu kwenda visiwani na kurudi na dagaa. Injini ilikwisha kung'olewa zamani. Akauliza bei. Akalipa. Kisha akarudi nyumbani na kututangazia kwamba ataitengeneza, ataiwekea kibanda, viti vya mto na injini mpya, iwe boti ya familia. Mgeni akija, anatembezwa.

Bibi akamuuliza, "Utaitembezea wapi? Kwenye migomba?"

Hapo ndipo baba mdogo alipotoa mpango wake wote. Boti itafunguliwa ubao kwa ubao, itapakiwa kwenye Fuso, itapanda kupitia Kyaka hadi Kyerwa, na itaunganishwa upya kando ya mto Kagera, ambako ana kipande cha ardhi.

Bibi alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Tangu nizaliwe sijasikia boti inapanda mlima." Akainuka, akaingia ndani. Baadaye nikajua kwamba hakukasirishwa na Fuso wala mlima. Nitalieleza hilo baadaye.

Mimi kama mwandishi wa habari wa ukoo nilipewa kazi na pande zote mbili. Baba mdogo alitaka nimtafutie ushahidi kwamba jambo lake linawezekana. Shangazi zangu walitaka nimtafutie ushahidi kwamba amechanganyikiwa. Nikaanza kusoma. Na kitu cha kwanza nilichokutana nacho kilikuwa cha kuchekesha: boti imekwisha kupanda milima yetu. Ilipanda mwaka 1876, na ilipandishwa na watu.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Karagwe ya wakati ule ilikuwa ufalme, na mfalme wake alikuwa Rumanyika, mwenye makao Bweranyange. John Hanning Speke na James Grant walifika kwake mwishoni mwa 1861. Speke alilipenda ziwa dogo lililokuwa karibu, akalipa jina la ziwa la kwao Uingereza, Windermere, kama vile halikuwa na jina. Januari 1862 alipoondoka kuelekea Buganda alivuka mto Kagera, yeye aliuita Kitangule, kwa mitumbwi ya wenyeji. Tukumbuke hilo la mitumbwi. Kabla ya mzungu yeyote kuleta chombo huku, watu wa Kagera walikuwa na vyombo vyao na wavushaji wao, na yeye mwenyewe alivushwa.

Miaka 14 baadaye akaja Henry Morton Stanley. Huyu hakutaka kutegemea mitumbwi ya watu, alikuja na boti yake mwenyewe, jina lake Lady Alice. Ilitengenezwa na fundi James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames. Urefu wake ulikuwa futi 40, mbao zake za mwerezi, na iliundwa kwa vipande vitano vinavyofunguliwa na kuunganishwa tena. Msafara uliondoka Bagamoyo Novemba 1874. Vipande vya boti vilibebwa na wapagazi, wengi wao Wangwana wa Unguja, kwa miguu, hadi Ziwa Victoria. Machi 1875 iliunganishwa, ikaanza kulizunguka ziwa zima.  Vitabu vingi vinasema Stanley alilizunguka ziwa. Sawa, lakini mikono iliyovuta makasia haikuwa ya Stanley.

Mwanzoni mwa 1876 msafara ukafika Kafuro, Karagwe, mahali palipokuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Stanley akaenda kumsalimia Rumanyika, ambaye wakati huo alikuwa mzee. Kisha Machi 1876 vipande vya Lady Alice vikateremshwa hadi kwenye lile ziwa dogo, vikaunganishwa, boti ikaelea. Kutoka hapo waliingia Kagera na kuupanda mto katikati ya mafunjo, siku kadhaa, hadi ziwa Ihema, ambalo leo liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Akagera, Rwanda. Kwa hiyo Bibi, kwa heshima zote, jibu la swali lako ni ndiyo. Boti ilipanda mlima, na haikupanda kwa Fuso.

Kuna kisa kimoja kidogo hapa ambacho sikuweza kukiacha. Boti ile ilipewa jina la mchumba wa Stanley, Alice Pike, binti wa Kimarekani, ambaye walikubaliana kuoana akirudi. Wakati Lady Alice inaelea Karagwe, Alice mwenyewe alikuwa ameshaolewa na mwanamume mwingine huko Marekani, Januari ya mwaka huohuo wa 1876. Habari zilikuwa bado hazijamfikia jamaa. Aliendelea kuibeba boti yenye jina la mke wa mtu, mpaka mto Kongo.

Na huko Kongo ndipo ilipoishia. Mwisho wa Julai 1877, kwenye maporomoko ya Isangila, watu wamechoka, wana njaa, bahari ya Atlantiki iko karibu kwa nchi kavu. Boti iliyobebwa kutoka Bagamoyo ikapandishwa juu ya miamba ya ukingoni na kuachwa hapo ioze. Ilikuwa imemaliza kazi. Hakuna aliyefikiria kuirudisha.

Nilipomsimulia baba mdogo haya, alifurahi sana kwa sehemu ya kwanza, na hakuisikiliza sehemu ya mwisho. Lakini mimi sehemu ya mwisho ndiyo iliyonikaa kichwani. Boti ya kazi huwa na thamani mradi kazi ipo. Kazi ikiisha, inatupwa. Kuitengeneza boti kuukuu ni rahisi kuliko kuipatia kazi mpya inayolingana na mwili wake. Nikasema basi, ngoja nitafute boti ya kazi ya huku kwetu Maziwa Makuu ambayo ilinusurika kutupwa ikageuzwa ya starehe. Nikaipata, na wengi wenu mmeiona bila kujua.

Mwaka 1912, huko Lytham, Lancashire, Uingereza, ilitengenezwa boti ndogo ya mvuke yenye urefu wa futi 30. Ikapewa jina Livingstone. Ililetwa Uganda kufanya kazi katika Ziwa Albert na Nile ya Victoria. Kazi yake ilikuwa kama ya boti yoyote ya huku: mizigo, maafisa, wawindaji, wamisionari. Boila lake lilikula kuni, na kuni zilikatwa na watu wa pwani za ziwa lile.

Mwaka 1951 ikaja kampuni ya filamu. Mwongozaji John Huston alikuwa anatengeneza sinema ya The African Queen, kutokana na riwaya ya C. S. Forester iliyotoka 1935. Wachezaji wakuu walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu za filamu zilipigwa Uganda, sehemu nyingine Kongo, na nyingine studio Uingereza. Livingstone ikageuka African Queen. Bogart akapata Oscar kwa filamu hiyo. Boti haikupata kitu, ikarudi kazini.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana kuhusu upigaji wa filamu ile huko Kongo. Wanasema usiku mmoja boti iliachwa ilindwe na wenyeji, wakaambiwa waitazame, nao wakaitazama mpaka ikazama. Wazungu wamecheka na hadithi hiyo miaka zaidi ya 70. Mimi nina swali moja tu la kiandishi: boti ilizama, sawa, na baadaye ikaonekana kwenye filamu inaelea. Ni nani waliingia mtoni kuivuta? Katika visa vyote vya boti za huku, anayezamisha chombo anatajwa, anayekikomboa anaitwa "wenyeji".

Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, boti iliuzwa ikapelekwa Marekani. Ilipita mikono ya watu kadhaa. Mwaka 1982 mmiliki wa hoteli mmoja wa Key Largo, Florida, aliikuta Ocala, imetelekezwa, akainunua. Akaitengeneza, akaipeleka kwenye hoteli yake, akawa anaionyesha. Mwaka 1992 Wamarekani waliiingiza katika orodha yao ya kitaifa ya mambo ya kihistoria. Hebu fikiria, boti ya Ziwa Albert, yenye jina la Livingstone, ni mali ya historia ya Florida.

Lakini boti ya chuma haisomi cheti. Kutu iliendelea. Ikafika wakati ikawa haitembei tena, imekaa gatini kama sanamu. Mwaka 2012, ikitimiza miaka 100, mume na mke wenye kazi ya boti walikubaliana na familia ya mmiliki, wakaikarabati. Chuma kilicholiwa kikakatwa na kubadilishwa, boila likawekwa jipya, na Aprili 2012 ikaanza tena kutembeza watu kwenye mifereji ya Key Largo. Inabeba abiria 6 kwa safari. Nitarudi kwenye hao sita.

Na Uganda nako kuna nyingine. Boti ya mvuke iliyokutwa imetupwa maeneo ya Murchison, inayodaiwa nayo kutumika katika filamu ileile, ikaokolewa, ikatengenezwa na watu binafsi na kurudishwa kwenye Nile kutembeza watalii. Ubishi wa ipi ni ya kweli siuingilii, waachie wenye filamu. Kinachonihusu ni kwamba zote mbili ziliokolewa na filamu. Kama Bogart asingepanda, leo zingekuwa vyuma chakavu.

Hapa nikajiuliza: sasa boti ambayo haikupanda staa wa sinema inaokolewa na nini?

Jibu nililipata Kigoma. Meli ya Liemba mnaijua. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, na kampuni ya Meyer mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli, ikaenda bara kwa reli ya kati, ikaunganishwa Kigoma. Nayo basi ni mtoto mwingine wa mtindo uleule wa Lady Alice, chombo kinachotembea nchi kavu kabla ya kutembea majini. Vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini mafundi waliopewa kazi ya kuizamisha ndio walewale waliokuja nayo kutoka Papenburg kuiunganisha. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito. Walizamisha kama mtu anayefunga duka jioni. Waingereza wakaja kuiinua Machi 1924, wakakuta injini inafaa, na Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 ikaondolewa mvuke, ikapewa dizeli. Miaka ya 1990 ikafanyiwa matengenezo mengine makubwa.

Na hapa historia inakuja kwenye mzunguko wa kuvutia, kwa sababu Liemba ndiyo inayosemekana kumpa Forester wazo la meli ya Kijerumani inayowindwa katika riwaya yake. Yaani meli ya Kigoma ilizaa riwaya, riwaya ikazaa filamu, filamu ikaiokoa boti ya Ziwa Albert. Lakini Liemba yenyewe haikuokolewa na filamu. Iliokolewa na kazi. Watu wa Lagosa na Kasanga walihitaji kusafirisha mihogo, samaki na wagonjwa wao. Hiyo ndiyo filamu yake.

Hata Victoria yetu ni vilevile. Hii ni meli ya mwaka 1961, imejengwa Scotland, ikaunganishwa Kisumu. Kwa sisi wa Karagwe na Kyerwa ndiyo ilikuwa njia. Unateremka kwa basi kupitia Kyaka hadi Bukoba, unapanda meli jioni, unaamka Mwanza. Kahawa yetu nayo ilipita hukohuko, Bukoba na Kemondo, ikavuka ziwa kufuata reli. Victoria ilisimama mwaka 2014, watu wakasema ndiyo basi. Ikakarabatiwa, ikarudi majini Agosti 2020 ikiwa na injini mpya. Miaka 59 ilikuwa nayo. Watu wa umri huo wanastaafu, yeye akaajiriwa upya.

Hadi hapo baba mdogo alikuwa anashinda kesi. Boti inapanda mlima, boti kuukuu inafufuka, boti ya kazi inageuka ya starehe. Nilikuwa na ushahidi wote. Nikaenda nao kwa Bibi, jikoni, jioni, nikamsomea.

Alinisikiliza mpaka mwisho, anamenya ndizi. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, umenitajia meli zote. Moja umeiruka."

Nilijua ipi. Kila mtu wa Kagera anajua ipi.

Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, MV Bukoba ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Ilikuwa imeondoka Bukoba jioni iliyotangulia, ikapitia Kemondo. Walikufa watu zaidi ya 800. Idadi kamili inabishaniwa hadi leo kwa sababu ileile iliyowaua, kwamba hakuna aliyekuwa na orodha kamili ya waliopanda. Meli iliyoidhinishwa kubeba watu 430 ilibeba watu na ndizi na kila kitu. Ilipopinduka haikuzama palepale. Ilielea tumbo juu, na ndani watu walikuwa hai, wanagonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kupitia tundu lile, na meli ikaenda chini. Wengi walizikwa pamoja Igoma, Mwanza.

Mdogo wake Bibi alikuwa humo. Alipandia Kemondo. Kemondo hiyohiyo ambako baba mdogo amenunua boti yake.

"Ile nayo walisema ni nzima," Bibi akasema. Basi. Hakuongeza neno, na mimi nilifunga daftari langu.

Kwa siku kadhaa sikujua niandike nini. Nilikuwa nimeanza na makala ya kufurahisha kuhusu mzee mstaafu na boti yake. Halafu nikaona kwamba Bibi amenipa swali lililokosekana kwenye utafiti wangu wote. Nilikuwa nauliza boti inaokolewa na nini. Yeye aliuliza, watu waliomo je?

Nikaenda Kemondo mwenyewe, nikamtafuta fundi anayeishughulikia boti ile. Fundi mtu mzima, amejifunza kwa baba yake. Nilimwambia habari za Bibi. Hakuniambia "usijali". Alinichukua tukazunguka boti, akanifundisha.

Kwanza alichukua kisu kidogo, akawa anachoma mbao, moja moja. Mahali kisu kinagoma, ubao mzima. Mahali kinaingia kama kwenye ndizi mbivu, ubao umeoza hata kama rangi inang'aa. Alianza na mkuku, ule mti wa chini kabisa unaoshika boti yote, akaja kwenye mataruma. "Wengi wananunua rangi kwanza," alisema. "Rangi ndiyo inayoua watu." Mbao zilizooza hazing'olewi zote kwa pamoja, kwa sababu boti itasahau umbo lake. Unatoa moja, unaweka moja, ndipo unaigusa inayofuata. Hapo nikaelewa kwamba ule mpango wa baba mdogo wa kufungua boti nzima na kuipakia kwenye Fuso ni ndoto. Lady Alice iliumbwa ifunguliwe. Hii iliumbwa isifunguliwe. Ukiifungua yote umepata kuni nzuri za mvule.

Pili, kalafati. Katikati ya mbao inashindiliwa pamba, kisha inazibwa. Boti iliyokaa nchi kavu miaka mingi mbao zake zimesinyaa, kwa hiyo siku ya kwanza ikirudi majini itavuja tu, na inaachwa karibu na ufukwe ikinywa maji mpaka mbao zivimbe zikabane. Mwenye haraka ya kupanda siku ya kwanza, anapanda kwenye kikapu.

Tatu ndilo lililonifungua macho. Nilidhani boti iliyobeba tani za ndizi ikibeba watu wachache wenye viti vya mto itakuwa salama zaidi. Fundi akacheka. Boti ya mzigo imeundwa ikae chini, mzigo uko tumboni, uzito uko chini. Ukiondoa mzigo, inapanda juu kama boya na kuyumba. Halafu wewe juu yake unaongeza kibanda, paa, na wageni wanaotaka kukaa juu ya paa wapige picha. Uzito wote umehamia juu. Wimbi moja la ubavuni, au watu wote wakikimbilia upande mmoja kuangalia ndege, kwaheri. Kwa hiyo boti ya kazi ikigeuzwa ya starehe lazima ipewe uzito mpya chini, iliofungwa usitembee, kibanda kiwe chepesi na kifupi, na watu wawe wachache kuliko wanavyoweza kuenea. Akarudia: wachache kuliko wanavyoweza kuenea.

Hapo ndipo nilipowakumbuka wale abiria 6 wa Key Largo. Boti ya futi 30, katika mifereji iliyotulia, Marekani, yenye boila jipya, na bado wanapanda sita. Kwetu boti ya ukubwa huo ingeonekana ina nafasi ya watu thelathini na mbuzi wanne. Na tusijidanganye kwamba 1996 ilitufundisha. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa wakiwa wanaiona gati. Miaka 22 katikati. Ziwa lilelile, hesabu ileile.

Ninachotaka kusema ndugu zangu ni hiki. Siku hizi kuna vijana wenye fedha kidogo wanaotamani mambo ya kale. Wananunua Land Rover 109 za zamani, redio za mbao, baiskeli za Phoenix, na sasa wameanza kuangalia boti. Ni jambo zuri. Ni aibu kwamba boti ya Ziwa Albert imetunzwa Florida wakati mamia ya vyombo vya baba zetu vinaoza kwenye fukwe, na mafundi wanaojua kuvitengeneza wanazeeka bila wanafunzi. Lakini ukifufua chombo, fufua pamoja na kumbukumbu ya waliokufa ndani ya vyombo kama hicho. Liandikishe, likaguliwe na TASAC, nunua maboya ya kuvaa kabla ya viti vya mto. Kisha andika idadi ya watu kwa rangi kubwa ubavuni, na uwe tayari kumwambia shemeji yako ashuke. Hapo ndipo ukarabati unapokamilika. Mafundi wa Papenburg waliipaka injini grisi kwa sababu walifikiria mtu atakayekuja baada yao. Sisi tunahitaji grisi ya namna hiyo kwa watu.

Nilimpelekea baba mdogo maelezo ya fundi. Nilitegemea abishe, maana ni mwalimu. Alikaa kimya, akaomba nimsomee tena pale pa kibanda. Kisha akasema mpango wa Fuso ameufuta. Kagera ya upande wetu ina mikondo, maporomoko na viboko, nayo si mahali pa mwalimu mstaafu kujifunzia. Boti itabaki Kemondo. Kibanda kitakuwa turubai. Watu sita, pamoja na mwendeshaji. Kisha akaenda kwa mama yake.

Sikuwepo walipoongea, nimesimuliwa na shangazi. Anasema baba mdogo alikaa chini, siyo kwenye kiti, akamwambia, "Mama, nataka kuipa jina la mama mdogo." Bibi hakumjibu siku ile. Siku ya pili asubuhi akamuuliza kama rangi itakuwa ya bluu, kwa sababu marehemu alipenda bluu.

Boti bado iko nchi kavu. Wiki iliyopita fundi alikuwa amefika ubao wa kumi na moja. Nilimuuliza Bibi kwa simu kama ikikamilika atapanda. Akasema atapanda, ila siku ile ikiwa bado iko juu ya magogo, kabla haijaguswa na maji. Atakaa ndani dakika tano, atasali, atashuka.

"Huyo atakuwa mtu wa kwanza," alisema. "Baadaye hao sita wenu."